Kisa ambacho hakisimuliwi

Mhariri,

Taarifa za gazeti lako kuhusu mjadala wa bunduki Marekani zimejaa kauli za wanasiasa, huku wafiwa wakipewa mstari mmoja tu. Tarehe 14 Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Wazazi walikwenda Washington kuwasimulia maseneta habari za watoto wao. Aprili 2013, hoja ya kupanua ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki ilipata kura 54 katika Seneti, lakini zilihitajika 60, ikakwama.

Chama cha NRA, kinachotetea haki ya kumiliki bunduki, nacho, kwa miaka mingi, kimechapisha katika majarida yake visa vya raia waliojihami kwa bunduki dhidi ya majambazi.

Kinachoniuma ni kisa cha tatu. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini humo ni vya watu waliojiua. Mjane wa mtu kama huyo ni nadra kupewa jukwaa; kisa chake hakina jambazi wala shujaa. Nakuomba, ukiandika tena, umtafute na yeye.

Msomaji wako,
Mombasa