Dada, simu yako niliiona

Dada, shikamoo.

Namba yangu umeifungia tangu uliporudi Muscat, na nikimpigia shemeji ananijibu kwamba salamu atazifikisha. Basi naandika hapa, mahali ninapojua huwa unapita usiku ukimaliza kazi. Watakaosoma na wasome.

Nilitaka kuanza na lile neno ulilonitamkia mkekani, kwenye msiba wa Mama, lakini nikianza nalo nitaandika kwa hasira. Nianze na birika.

Lipo. Lile la Mama la kuoshea maiti, la alumini lililobonyea ubavuni, mpini umeviringishiwa kipande cha kanga. Wewe ndiye uliyenisimulia habari zake, maana wakati huo nilikuwa bado sijaletwa kwa Mama. Miaka ya tisini, watu wanaogopa hata kikombe alichonywea mgonjwa wa UKIMWI. Amefariki yule binti wa nyumba ya nyuma, ndugu zake wamekaa barazani wanatazamana, hakuna wa kuingia. Mama akavaa mifuko ya rambo mikononi, akaifunga kwa uzi, akaingia. Wewe una miaka tisa, umesimama nyuma ya pazia unampitishia maji. Uliniambia alikuwa akiyapima kwanza kwa kiwiko, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ukamuuliza, Mama, si ameshakufa? Akakujibu, "Kwa hiyo ndiyo tumuunguze?"

Hiyo ndiyo hadithi uliyokuwa ukinilaza nayo. Mama ameosha maiti za wanawake wa Mtongani kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakupokea hata nauli. Bafta ya sanda, kafuri, pamba na udi vilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda, na akigongewa saa nane za usiku alikuwa ameshajifunga kanga kabla mgongaji hajamaliza salamu.

Siku ya mabomu ya Mbagala, ghala la jeshi lilipolipuka, unaikumbuka kuliko mimi. Jumatano, Aprili 29, 2009. Watu wanakimbia Barabara ya Kilwa kuelekea mjini, wengine pekupeku, na yeye kasimama kando ya barabara anawakusanya watoto waliopotezana na wazazi wao. Tulilala nao saba chumba kimoja. Wewe ulikuwa mlangoni na begi lako, unamfokea kwamba tutakufa wote kwa ajili ya watoto wa watu. Sikulaumu, hata mimi niliogopa. Ila nilibaki nikawakorogea uji.

Kopo la fedha za chama cha kufa na kuzikana wenzake wamelifungua mbele yangu, wakahesabu, wakarudia kuhesabu. Haikupungua hata shilingi.

Sasa Jumamosi ile. Ulishuka kwenye bajaji, ukapita katikati ya wanawake waliokaa, hukutoa pole wala hukupokea. Ukasimama mbele yangu, na viatu, juu ya mkeka. "Nani aliyekupa ruhusa ya kumwosha mama yangu? Wewe si mtoto wa tumbo lake."

Dada. Mama yangu mzazi na mama yako walinyonya ziwa moja. Kwetu mtoto wa mama mdogo anaitwa nani? Nilipoletwa pale nikiwa na miaka minne nilikuta sahani mbili zimeshapakuliwa, na ni wewe uliyenisogezea ile yenye maua, ukachukua ya bati. Bado nakula chakula ndani yake. Ndiyo maana sikukujibu. Nilikuwa natazama viatu vyako tu, vyeupe, vumbi la Mtongani limeganda kwenye kisigino, kwa sababu uso sikuweza kuuinua mbele ya watu ambao nusu yao mama zao wameoshwa na Mama.

Nikushauri kama mdogo wako: usimlilie marehemu kwa kuwagombeza waliomzika. Mama alifariki Jumatano baada ya isha. Ulisema utafika Ijumaa. Najua pasi yako anayo bosi, leo anakupa kesho anakunyima, najua ulivyolia mpaka akakuachia, na kwa hilo moyo wangu unaniuma hadi leo. Lakini ulifika Jumamosi. Mama tungemweka wapi? Wazee walikaa, sheikh akasema azikwe Alhamisi baada ya adhuhuri, mimi nani wa kuwapinga? Na yeye mwenyewe mara ngapi alituambia maiti hasubirishwi?

Ulipiga. Najua ulipiga. Simu ilikuwa dirishani, nikaliona jina lako. Nilikuwa nimeshayapima maji kwa kiwiko, nimemwosha kwa maji ya majani ya mkunazi, nimemmwagia yale ya kafuri, nimefika kwenye nywele. Unajua zinasukwa misuko mitatu. Za Mama zilibaki chache, laini, zikawa zinaniteleza vidoleni, msuko wa kushoto niliurudia mara tatu. Simu iliita mpaka ikakata, ikaita tena. Ningeipokea kwa mkono gani? Na ningepokea ningekuambia nini, ngoja namsuka? Ungesema acha, nisubiri. Ningemwacha vile alivyolala, nywele nusu? Na usiniambie ningempa mtu mwingine aipokee. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa ameshika birika, na mwingine alikuwa akikunja bafta, zile nguo tano za mwanamke.

Baadaye ningekupigia. Hilo ni kweli, ningekupigia kabla ya jeneza kutoka. Lakini wanawake walishaanza kulia, nami nikalia.

Arobaini ni Jumapili ya wiki ijayo. Najua hutapewa ruhusa mara mbili, sitakusubiri getini wala sitakulaumu. Tutasoma hitima, pilau watapika akina mama wa chama, wamekataa nisichangie.

Juzi alfajiri nimegongewa. Mtoto wa yule mama wa maandazi, anaita vilevile kama zamani, "Hodi kwa Mama!" Nilitaka kumwambia Mama hayupo. Nikainama chini ya kitanda nikavuta sanduku, nikachukua na birika. Tulipomaliza nikaona kafuri iliyobaki haimtoshi hata mtu mmoja, na udi ulibaki unga tu.

Ukimpata mtu anayekuja Dar, nitumie kafuri na udi kama ulivyokuwa ukimtumia yeye. Mwambie ashuke Mtongani, aulizie kwa Mama. Watamwonyesha.