Mbio za saa 12 zianze saa 12, mgeni rasmi atatukuta mbele

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Juzi mlichapa ushauri wa afya kwamba wakati huu wa jua kali mtu anayependa kukimbia asubiri jioni, saa mbili saa tatu hivi, joto likishapungua. Nilicheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kuna nini. Huyo aliyeandika hayo bila shaka anakaa Ulaya, maana kule kiangazi jua linazama saa tatu usiku na zaidi, mtu anatoka kazini, anakula, anapumzika, alafu bado ana mwanga wa kukimbilia. Sisi Uganda tuko kwenye ikweta, mchana wetu ni masaa kumi na mbili mwaka mzima, hauongezeki hauna nini. Hapa Arua saa moja na kitu jioni jua limeenda, dakika ishirini baadaye hata mtaro huuoni, na mitaro ya huku mnaijua, haina vifuniko.

Mimi ni mtoto wa kambini. Nimezaliwa Jinja baba akiwa askari, Kiswahili ndicho tulichokuwa tunagombania nacho mpira, na mchakamchaka wa saa kumi na moja alfajiri ndio ulikuwa kengele yetu, ukisikia viatu vinapita na nyimbo unajua muda wa kuchota maji umefika (nasema mchakamchaka wa mbio, sio ule wa mafunzo ya siasa). Mwenyewe lakini nimeanza kukimbia ukubwani baada ya daktari kuniambia presha yangu haichekeshi. Sasa ni mwaka wa sita, tuko kikundi cha watu kumi na kitu, tunatoka mtaani kwetu Oli tunazunguka upande wa Mvara tunarudi, kwa hiyo hii mambo ya saa ngapi ukimbie mimi sijaisoma tu, nimeilipia na miguu.

Joto la mchana hapa kwetu kuanzia Desemba mpaka Machi linapita nyuzi 30, na saa mbaya kabisa sio saa sita kama watu wanavyodhani, ni saa tisa kwenda saa kumi, ardhi ikishakunywa jua la kutosha. Jioni jua linashuka lakini lami bado inatema joto, ukikimbia unalisikia kwenye nyayo. Alafu kuna vumbi. Malori ya Kongo na ya Sudani Kusini yameshapita siku nzima, watu wanachoma majani mashambani, kina mama wamewasha makaa, moshi wote huo umekaa chini unakungoja wewe uje kuuvuta kwa mdomo wazi. Sikatai, jioni ina utamu wake, mwili umeshachemka na viungo vimelegea, hata ile rekodi ya dunia ya mita 5,000 Mganda mwenzetu Cheptegei aliiweka Monaco usiku mwaka 2020, dakika 12 na sekunde 35. Lakini pale kulikuwa na taa na uwanja msafi, hakuna boda inayokuja bila taa upande wako.

Alfajiri ndio penyewe. Hewa iko baridi kuliko saa nyingine yoyote, barabara imepoa usiku kucha. Shida yake ni giza, na hapa Arua giza linachelewa kuondoka kidogo kuliko kwa wenzetu wa Busia na Tororo, saa za ukutani ni zile zile nchi nzima lakini sisi tuko magharibi zaidi, jua linatufikia dakika kumi na zaidi baada yao. Mwezi wa pili jua linachomoza saa moja imeshapita. Kwa hiyo mtu akikwambia kimbia saa kumi na moja muulize mbwa wa mtaani kwao wanafungwa saa ngapi. Binti yangu alishaniambia wazi, baba hiyo saa yako ni ya wanaume, mimi peke yangu barabarani gizani sitoki, na sikuwa na la kumjibu, sasa anatoka na sisi saa kumi na mbili na nusu mwanga ukianza kupasuka. Majirani zangu wa Oli nao Ramadhani ya miaka hii inaangukia jua hili hili, wao wanakimbia nusu saa ya mwisho kabla ya futari, taratibu, ili wakimaliza maji yako mezani, nawaona wana akili sana.

Ukihesabu basi, dirisha letu ni saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi. Lisaa limoja na nusu. Na hapo ndipo linaingia jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita tulijiandikisha mbio za hisani za kilomita kumi, sitazitaja. Tangazo lilisema kuanza saa kumi na mbili na nusu kamili, hiyo kamili waliiandika wao. Tukafika na giza letu. Saa moja dijei anapiga, tunarukaruka eti kupasha mwili. Saa mbili bado tunarukaruka, mwili umepashwa mpaka umeiva, mgeni rasmi yuko njiani. Saa mbili na nusu yuko njiani tu. Akafika saa tatu kasoro, akahutubia, msaidizi wake naye akahutubia, wakakata utepe, tukaachiwa saa tatu na robo na zile fulana nzito nyeusi zisizopitisha hewa, na meza ya maji ilikuwa moja tu, kwenye kilomita ya tano.

Kilomita ya nane kijana wa kikundi chetu, fundi seremala, mwili wa chuma, akaanza kuyumba. Namuuliza vipi ananiita kwa jina la kaka yake. Hapo nikajua sio uchovu. Mtu akikimbia karibu robo tatu ya nguvu anayochoma inageuka joto, na jasho ndilo linalolitoa, sasa kwenye jua kavu la huku jasho linakauka kabla hujaliona, unajidanganya hutoki jasho kumbe fulana imebaki chumvi tupu na maji yameisha mwilini. Akianza kusema maneno yasiyo na kichwa ujue joto limeshafika kwenye ubongo, usimbembeleze na soda. Bahati yetu palikuwa na vijana wanaosha pikipiki, tukamvuta kivulini tukamvua fulana tukammwagia jerikani baada ya jerikani, kichwani, shingoni, kwapani, tunampepea na maboksi, mpaka boda iliyotumwa ikarudi na gari. Kijana mzima leo, anaunda vitanda kama kawaida, lakini kwa wiki mbili mama yake alikuwa ananiangalia kama mwizi wa kuku.

Nilipolalamika mmoja wa waandaaji akaniambia mzee, mbona Mganda mwenzetu Kiprotich alichukua dhahabu ya marathoni Olimpiki ya London 2012 na mbio zilianza saa tano asubuhi yao? Ni kweli, hata sisi tuliangalia kwenye tivii saa saba mchana tunapiga vigelegele. Lakini Kiprotich ni mkimbiaji wa kazi, na Agosti ya London sio Februari ya Arua. Kwa nini hakutaja mashindano ya riadha ya dunia ya Doha 2019? Kule marathoni ya wanawake waliianzisha saa sita usiku kukwepa joto, na bado kati ya wanawake 68 walioanza 28 hawakumaliza, na hao ndio mabingwa wa dunia nzima. Sasa mnamtoa seremala na mwalimu wa praimari saa tatu na robo kwenye jua linalopanda mnategemea nini?

Nachoomba kupitia gazeti lenu sio kikubwa. Msimu wa mbio za hisani ndio huu, waandaaji watoe mlio saa waliyoandika, maji yawekwe kila kilomita mbili tatu, fulana ziwe nyeupe. Hotuba ziwe baada ya mbio, tukiwa tumekaa chini ya mwembe na chai na chapati, hapo hata ya nusu saa tutaisikiliza. Kiti cha mgeni rasmi tutamwekea.

Mtoto wa Kambini,
Oli, Arua