Wapiga dabo besi wa Dodoma, wekeni simu chini mjifunze nyimbo

Wanangu mnaopiga dabo besi, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa imesimamishwa, hapa Dodoma, wa bendi, wa kanisani na nyie mnaoanza anza, hamjambo. Leo sizunguki.

Jumamosi nilikuwa kwenye hoteli moja huko Area D, bendi inapiga jazi, watu wameshakula wametulia. Dada mwimbaji mafua yamembana akaomba washushe kii, yaani usawa wa sauti ya wimbo, toni moja. Jambo la kawaida kabisa, waimbaji wanaomba hivyo kila siku. Wa kinanda akashuka, wa dramu hana shida, kijana wa besi macho kwenye simu aliyoiweka kwenye stendi, kodi zake, zile noti zinazoenda pamoja kubeba wimbo, zipo kwenye kii ya mwanzo, anahangaika kuzihamisha kichwani huku wimbo unaenda, mara simu ikaita. Kioo chote kikajaa jina la mtu, kodi hazionekani tena, vidole vikaganda, besi kimya, na dada wa watu yuko katikati ya mstari hana pa kukanyaga. Niliumia jamani. Na sio yeye tu, karibu wote siku hizi mnapiga kwa kusoma simu, tena mnaona ndo usasa.

Sikilizeni. Nyimbo nyingi za jazi ni mizani 32, yaani vipande 32 vya mapigo, bluzi ni mizani 12, inaisha inarudi inazunguka. Mtu ameshika singeli nzima kichwani, maneno yote na mbio zile, anashindwaje kushika mizani 12? Mnashindwa kwa sababu hamkai na wimbo. Weka besi pembeni kabisa, usiiguse. Sikiliza, halafu imba kwa mdomo noti ya chini ya kila kodi, ukiwa unaosha vyombo imba, ukiwa kwenye daladala imba kimoyomoyo, mpaka ukikosea unashtuka mwenyewe. Hapo ndo ushike besi, upige hizo noti za chini tu bila madoido. Ikikaa sawa hamia kii nyingine, halafu nyingine tena. Ukifanya hivyo mwimbaji akikuambia shuka wewe unauliza tu mpaka wapi.

Na dabo besi haina freti, hakuna chuma cha kukuonyesha noti ilipo, kidole kikiteleza kidogo umeshatoka kwenye tyuni na ukumbi mzima umesikia. Anayekuambia hapo ndipo ni sikio. Macho yakizama kwenye simu, sikio linalala. Halafu nusu ya kazi yenu ni kumsikiliza wa dramu, lile toazi lake na noti zenu nne za kila mizani vitue pamoja, vikipishana wanaocheza wanaanza kutafutana miguu hata kama hawajui kosa liko wapi.

Mnanishangaza zaidi kwa sababu mmekulia Ugogo. Mama zetu wanapiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, kila mmoja na mdundo wake na juu yake wanaimba sauti zinazopishana, nani pale ana karatasi? Hukwe Zawose katoka huku huku akazunguka dunia na ilimba, ile ya vijiti vya chuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, na zeze, muziki wote ukiwa mwilini mwake. Sikio mnalo, mnalinyima kazi.

Someni habari za Ron Carter, mpiga besi wa jazi wa Marekani. Alianza na chelo, ndogo kuliko dabo besi, akiwa mtoto, akabaniwa njia kwa sababu ni mweusi, akahamia dabo besi, na mpaka 2015 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walikuwa wameshamhesabia kazi 2,221 za studio alizopiga besi. Mtu haitwi mara zote hizo kama anabahatisha.

Someni na ya Jimmy Blanton, aliingia kwenye bendi ya jazi ya Duke Ellington 1939 akawafundisha watu kwamba besi nayo inaweza kusimama mbele na kuongea, 1942 akafa ana miaka 23. Kifua kikuu. Paul Chambers, huyu aliyempigia besi mpiga tarumbeta Miles Davis, 1969 akafa ana miaka 33, kifua kikuu pia, na pombe na unga vilikuwa vimeshamtafuna. Wanangu nawapenda, mnakesha, mnakunywa, mnalala vibaya. Kikohozi kikifika wiki mbili kapimeni, TB inatibiwa bure hapa kwetu.

Mengine kwa kifupi. Fikeni mapema. Kucha fupi. Jifunzeni na upinde, ule wa kusugulia nyuzi, hata kama hamuutumii jukwaani, ndo unaosema ukweli kuhusu tyuni yako. Kiangazi cha Dodoma kinakausha mbao, kifua cha besi, ubao wake wa mbele, kinasinyaa, nyuzi zinashuka zinakwaruza shingo, ukizembea kinapasuka, kwa hiyo beseni la maji liwepo chumbani na besi isiachwe kwenye gari juani. Kijiti cha ndani, kile kinachoshikilia kifua, kikianguka legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo kabla kifua hakijabonyea.

Na wakubwa wa mji huu nao wasikie. Dodoma imekuwa jiji 2018 tukashangilia, mahoteli kila kona, makongamano hayaishi, halafu mpiga besi mnamsimamisha masaa manne mnampa sahani ya pilau na asante mmetuburudisha. Mpambaji kalipwa, MC kalipwa, keki imelipwa kabla haijaokwa, wa muziki anaambiwa tuonane wiki ijayo. Hii ni dhuluma, tena ya watu wanaojiita wapenda muziki. Mtoto ataona nini hapo mpaka atamani kushika besi?

Kwa hiyo wanangu, nusu ya hela ipokelewe kabla besi haijatoka nyumbani, makubaliano yawepo hata kwa meseji, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Dabo besi haiingii kwenye bajaji, ni kirikuu kwenda na kurudi, na hela ya kirikuu anatoa mwenye shughuli, isikatwe kwenye malipo yenu.