Madirisha ya boti za tanga yasizibwe kwa nje tu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wamiliki wa boti za tanga, mafundi na wakaguzi wa vyombo hapa Unguja na Pemba kuhusu madirisha na vifuniko vya sitaha, yaani vile vijilango vya juu vinavyofunguka kwenye sakafu ya nje ya boti, katika boti za faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi) zilizozeeka, ambazo baadhi yake hivi sasa zinatembeza wageni katika bahari yetu.

Matengenezo ninayoyaona mara nyingi ni ya namna moja. Dirisha likivuja, fundi hufuta ukingo kwa kitambaa, akapaka silikoni kwa nje, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Silikoni yenyewe aghalabu ni ile ya bei nafuu inayonuka siki, ambayo kazi yake hasa ni vyooni na mabafuni, na asidi yake hula baadhi ya madini. Masika yakiingia maji hupita tena, na safu nyingine hupakwa juu ya ile ya kwanza.

Sidhani kuwa huu ni uvivu. Mafundi wetu wamelelewa na majahazi na mashua, na ubao wa jahazi hutibiwa kwa kalafati (pamba ya kuziba nyufa) na deheni (mafuta ya kupaka chombo), kisha ukishiba maji huvimba na kujibana wenyewe. Boti ya faiba haina tabia hiyo. Sitaha yake mara nyingi ni matabaka mawili ya faiba yenye ubao katikati, balsa (mti mwepesi sana) au plaiwudi, na maji yakishapenya kwenye tundu la parafujo hayapati pa kutokea, bali husambaa ndani kwa ndani na kuozesha ubao huku gamba la juu likionekana zima. Katika boti moja iliyopandishwa ufukweni Nungwi nilishuhudia dirisha likitolewa baada ya miaka ya kupakwapakwa: ubao wa ukingoni ulitoka mweusi, umelainika hata ukikamuliwa kwa vidole unatoa maji, na sitaha ilipogongwa kwa mpini wa bisibisi ilitoa mlio mzito hadi shibiri nzima kutoka dirishani, mahali palipostahiki kutoa mlio mkavu.

Kwa hiyo dirisha linalovuja litolewe lote. Gundi ya zamani ikwanguliwe hadi iishe, ubao uliooza uchimbwe pembeni mwa tundu, pakaushwe kwa siku kadhaa, na kipupwe ndio wakati wake, kisha pajazwe epoksi, ile gundi ya maji mawili inayoganda ikawa ngumu, iliyokazwa kwa unga wake, na matundu yatobolewe upya ndani ya epoksi hiyo ili parafujo isikutane tena na ubao.

Kioo nacho kina masharti yake, maana katika boti hizi kwa kawaida si kioo bali ni plastiki ya akriliki au polikaboneti. Akriliki yenye urefu wa mita moja, joto likipanda kwa nyuzi 30, hurefuka kwa takriban milimita 2, karibu mara tatu ya fremu ya aluminiamu. Ndiyo maana matundu yake huwa mapana kidogo kuliko parafujo, na gundi huachiwa unene wa milimita chache, isikamuliwe yote nje kwa kukazwa mno. Kuisafisha kwa asetoni au tina ni kuiharibu, kwani huota nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Maji na sabuni laini yanatosha. Kioo kipya kisiwe chembamba kuliko cha zamani, hata kama chembamba ndicho kilichopatikana mjini.

Linalonitia hofu zaidi ni vifuniko vya sitaha. Raba yake ikichakaa au bawaba ikivunjika, wapo wanaokifunga moja kwa moja kwa gundi na parafujo ili kisivuje. Kifuniko cha omo, yaani mbele ya chombo, juu ya chumba cha kulala, ndio njia ya kutokea pindi moto unapozuka jikoni au kwenye injini, kwa kuwa mlango mkuu uko huko huko upande wa tezi, nyuma ya chombo. Kukifunga ni kuwafungia watu ndani. Raba mpya hununuliwa kwa mita, na kuibandika ni kazi ya asubuhi moja; bawaba ikikosekana, hata ya kuchongesha kwa fundi chuma ni bora kuliko gundi.

Naiomba Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, katika ukaguzi wa boti za wageni, imtake mwenye chombo afungue kila kifuniko kwa ndani mbele ya mkaguzi, na madirisha yamwagiwe maji ya mpira wakati mtu amekaa chini akiangalia. Vyuo vyetu vya mafunzo ya amali navyo viingize kazi ya faiba na epoksi katika masomo ya vijana wa Nungwi, Mkokotoni, Wete na Mkoani, ambao tayari wana mikono ya kazi hii na wanakosa mafunzo yake tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa boti,
Malindi, Unguja