Pancha: kwa nini hatuzibi tairi likiwa bado kwenye rimu

Wiki iliyopita taksi moja ya abiria ilisimama hapa kwetu Busia, tairi la nyuma limelala kabisa, na dereva hata hajashuka vizuri ananiambia fundi tia kamba (ile ya mpira inayosukumwa kwenye tundu kutoka nje) haraka nikimbie, watu wa Kampala hawa. Nikamwambia ssebo (bwana) nipe dakika ishirini nilitoe kwenye rimu nilitazame ndani. Akakasirika, na simlaumu, manake abiria wakikaa sana wanaanza kudai nauli yao. Basi tukalitoa. Lilikuwa na vumbi jeusi ndani, laini kama masizi ya jikoni, tukaliinamisha likamwagika chini karibu kiganja kizima, halafu nikamshika dereva mkono nikampitisha kidole kwa ndani ya ubavu akasikia mwenyewe nyuzi zimeanza kuchomoza. Akanyamaza. Tukafunga spea akaenda.

Lile vumbi ni tairi lenyewe. Ukitembea halina upepo, hata kilomita mbili tatu tu, ubavu unajikunja kati ya rimu na lami, unapata moto, unajisaga kwa ndani, na kwa nje unaweza usione kitu, tairi linang'aa tu. Ningetia kamba lingeshika upepo vizuri sana, angefika Bugiri, Iganga, Jinja, halafu lipasuke pale msitu wa Mabira kwenye mwendo na abiria kumi na nne ndani. Ndiyo maana hapa kwetu pancha hatuzibi bila kuona ndani, na wateja wengine wanaondoka kwenda kwa jirani, sawa, lakini mimi siwezi.

Sasa ile kamba yenyewe sisemi ni mbaya. Ni ya kukufikisha. Kama unaenda Karamoja au sehemu ambayo fundi yuko mbali beba kamba zako na pampu, zitakuokoa. Shida ni watu kuiacha mwaka mzima. Kamba imeziba tundu tu, haijashikana na ile ngozi ya ndani inayozuia upepo, maji ya mvua yanapenya polepole yanafika kwenye waya za chuma zilizoko chini ya meno ya tairi, waya zinashika kutu, na siku moja unaona tairi limefura kama lina jipu.

Sisi tunatumia kiraka chenye mkia, kama uyoga hivi. Tunasafisha tundu, tunasugua ndani mpaka mpira unakuwa na mikwaruzo, tunapaka solushoni (gundi ya mpira) na kuiacha ikauke kidogo mpaka ukigusa inanata haikuchafui kidole (hapo ndipo mafundi wengi hawana subira, wanabandika ikiwa mbichi), halafu mkia unavutwa utokee nje na kiraka kinakaa ndani, tunakikandamiza na rola mpaka upepo wote utoke chini yake. Mkia unaziba njia ya maji, kiraka kinaziba upepo. Mwisho tunajaza upepo, tunapaka maji ya sabuni, tukiona povu hata dogo tunarudia bila kukulipisha tena.

Lakini si kila tundu linazibika. Likiwa katikati pale panapokanyaga barabara na halizidi milimita 6, yaani jembamba kuliko penseli, tunaziba. Likiwa begani au ubavuni hapana, hata ukiniomba vipi. Ubavu unajikunja kila gurudumu likizunguka, kiraka hakidumu pale. Na tafadhali usikubali kutiwa tyubu ndani ya tairi la tyubulesi (lisilotumia tyubu) lililochanika ubavu ili upepo ukae. Upepo utakaa kweli ila tairi bado limechanika, na tyubu itatokea palepale kwenye mpasuko.

Likikataa, basi ni kununua. Tazama namba ubavuni, kama lako ni 195/65 R15 tafuta hiyohiyo, halafu tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya maandishi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hii ni muhimu sana kwa tairi za mitumba, manake unaweza kuuziwa lenye meno marefu mazuri kumbe mpira umeshazeeka, ukilikunja unaona vinyufa. Wenye Subaru na gari zingine zinazovuta miguu yote minne, msichanganye tairi jipya moja na matatu yaliyoisha, magurudumu yanazunguka tofauti na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ndiyo inaumia. Na kwa gari yoyote ukinunua mawili weka nyuma, hata kama gari inavutia mbele, kwa sababu wakati wa mvua mkia wa gari ukiteleza ni vigumu sana kuurudisha.

Ikikupata njiani: toka kabisa barabarani, usisimame kwenye kona, washa taa za hatari, weka trayango (pembetatu ya onyo) mbali nyuma ya gari, matawi ya miti yanasaidia lakini usiku hayaonekani. Abiria washuke. Weka mawe kwenye magurudumu mengine, legeza nati gari ikiwa bado chini ndipo upige jeki, na ukirudisha nati kaza kwa kuvuka upande huu na upande ule, si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita 50 hivi zikaze tena. Na spea ijazwe upepo jamani! Kila wiki tunafungua buti tunakuta spea imelala kuliko hata lile tairi lenye pancha.

Ukiona msumari na upepo bado upo, usiung'oe. Uache palepale, endesha taratibu uje nao, msumari wenyewe unatuonyesha tundu liko wapi na limeingia kwa kulala au kusimama. Jumapili tunafungua baada ya misa.