Anayetaka uhandisi wa tishu asiikimbie hisabati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu wanafunzi wangu wa biolojia ambao, kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, huniuliza tahasusi ipi itawafikisha kwenye uhandisi wa tishu, yaani fani ya kukuza ngozi, gegedu na viungo vingine kutokana na seli za mgonjwa mwenyewe. Wengi hukimbilia PCB (fizikia, kemia na biolojia) kwa kuwa humo hisabati ni somo la nyongeza tu, lile la msingi liitwalo BAM. Siwalaumu, nami nilipita humohumo, na ninajuta.

Mwaka 2015 mtoto wa miaka 7 alilazwa Bochum, Ujerumani, ugonjwa wa kurithi ukiwa umemchubua sehemu kubwa ya ngozi ya juu. Kilichukuliwa kipande cha ngozi yake chenye ukubwa wa stempu. Timu ya Michele De Luca ya Modena, Italia, ikaziingizia seli zake nakala nzima ya jeni iliyokuwa na hitilafu na kuzikuza hadi zikatosha kufunika takriban asilimia 80 ya mwili wake.

Wanafunzi wakishamaliza kushangaa, huwauliza kwa nini ngozi imewezekana na ini bado. Sababu mojawapo ni kwamba, pasipo mishipa ya damu, oksijeni hupenya kwenye tishu kiasi cha milimita 0.2 hivi, na seli zilizo ndani zaidi hufa. Ngozi ya juu ni nyembamba, inanusurika. Lakini anayetaka kujenga ini hana budi kukokotoa jinsi oksijeni inavyosambaa, upana wa vitundu vya kiunzi kinachobeba seli, na kasi ya kimiminika cha lishe kinachopita humo. Hesabu hizo BAM haifiki.

Maabara nayo inataka uvumilivu: seli hukaa kwenye nyuzijoto 37 na hubadilishiwa lishe kila baada ya siku mbili au tatu, iwe Idi au Krismasi.

Ninawaomba wakuu wa shule wawaruhusu wanafunzi wa PCB wanaotaka kuhudhuria hisabati ya PCM (fizikia, kemia na hisabati). Kwetu wawili wameanza mwaka huu. Kipindi kimoja kwa wiki kinagongana na kemia kwa vitendo, na mwalimu wa hisabati amekubali kuwafidia Jumamosi asubuhi.

Mwalimu wa biolojia,
Morogoro