Barua kwa mwanangu: nenda kwenye hesabu zako

Mama,

Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, naye angekuwa hai angekugombeza kabla yangu. Mama yako amenisomea ujumbe wako mara mbili. Unasema umepata nafasi ya kufanya utafiti wa hesabu wiki nane kiangazi hiki, na unataka kuikataa ubaki ukifanya kazi ya jikoni hapo chuoni, upate cha kutuma kwa karo ya kaka yako.

Usiikatae.

Karo ya huyo kijana ni yangu na mama yako. Nina nyumba tatu za kuweka vigae huku Lanet, na mwenyewe hulipa kila Jumamosi, si kama yule mwanakandarasi wa mwaka juzi aliyepotea na pesa zangu za vyoo vinne. Tena umesema unapewa malazi na posho. Posho ni ndogo kuliko mshahara wa jikoni, sawa. Nimepiga hesabu ya hiyo tofauti na haijaninyima usingizi.

Kinachoniuma ni vile nafasi yenyewe ilivyokutoa jasho. Wewe ndiye uliyetueleza kwamba programu nyingi za namna hii huko Marekani hulipiwa na National Science Foundation, shirika la serikali yao linalofadhili sayansi, na pesa hizo ni za raia na wakaazi wa kudumu. Ukaandika maombi huku na huku, kila mara uraia unakuzuia mlangoni. Sasa wamepatikana wenye mfuko mwingine, wamekuita, nawe unataka kuwaambia asanteni, naenda kuosha sahani?

Acha nikiri jambo. Uliposema utafiti, nilijiuliza kuna nini cha kutafuta kwenye hesabu. Dawa naelewa, mbegu za mahindi naelewa. Lakini saba mara nane imekuwa hamsini na sita tangu enzi za babu. Mwenye duka hapa chini alicheka, akauliza kama mmeipoteza namba fulani. Ndipo nikakumbuka ulivyosema mtashughulikia maumbo yanayofunika sakafu bila kuacha mwanya. Kumbe ni kazi yangu!

Jumatano, saa ya chai, nilichukua katoni la vigae nikakata pembetano kumi za pande na pembe sawa, nikazipanga kwenye zege. Tatu zilikutana vizuri, halafu ikabaki kabari nyembamba. Kijana ninayemfundisha akaniambia, fundi, umekata vibaya. Nikakata upya, taratibu, kwa rula. Kabari ikarudi palepale. Tukakaa chini tukahesabu: kila pembe ni digrii 108, tatu ni 324, na kuzunguka kote ni 360. Zinabaki 36, na hapo hakuna pembetano itakayoingia hata uipige nyundo. Za pembe sita ni digrii 120, tatu zinafunga kabisa. Miaka ishirini na mbili nimewawekea watu vigae vya pembe sita kwenye veranda, na sikuwahi kujiuliza kwa nini hakuna anayeuza vya pembe tano.

Kaka yako akanitafutia mengine kwenye simu. Nilidhani tumemaliza, kumbe pembetano zenye pande au pembe zisizolingana, baadhi yake, zinakubali. Mjerumani mmoja, Reinhardt, alipata aina tano mwaka 1918. Mwaka 1968 mwingine akaongeza tatu, akatangaza kwamba orodha imekamilika. Haikuwa imekamilika. Mwaka 1975 gazeti la sayansi liliandika habari hizo, na mama mmoja wa San Diego, Marjorie Rice, akaisoma nakala ya mwanawe. Hesabu alisomea sekondari tu. Alikaa jikoni akichora kwa alama alizojitungia mwenyewe, akapata aina nne ambazo hakuna aliyekuwa amezijua. (Mama yako anakuambia: jikoni napo patakungoja.) Wengine wakaongeza mbili, na ya kumi na tano ilipatikana 2015 na walimu wawili wa chuo cha Bothell, jimbo la Washington, pamoja na mwanafunzi wao wa shahada ya kwanza aliyeandika programu ya kompyuta. Wa shahada ya kwanza, kama wewe. Ni 2017 ndipo Mfaransa Rao alipothibitisha kwamba, kwa pembetano zisizo na kona iliyobonyea ndani, hakuna nyingine.

Unasema unaogopa wiki nane ziishe na huna jibu. Toka 1918 hadi 2017 ni miaka 99, mama, na katikati kuna aliyeapa amemaliza. Mkifika mwisho mkiwa mmejua ni wapi kabari inabaki na kwa nini, mimi nitakuwa na la kumjibu mwenye duka.

Waandikie leo, usingoje wikendi. Kaka yako anasema atakupigia akuulize kama umewajibu, na unajua anavyosumbua.

Jambo moja la mwisho. Nimesikia chama cha wanahisabati kule Washington, mji mkuu, kiliwahi kuweka sakafu ya pembetano za yule mama kwenye ukumbi wa kuingilia makao yao. Ukipita huko, ulizia kama ipo. Usinipigie picha ya katikati, hapo kila mtu hupendeza. Piga pale sakafu inapokutana na ukuta. Nataka kuona walivyokata.

Baba yako,
Nakuru